Mambo Aliyoambiwa Ng'ombe

Jina la babamkwe wangu silitaji. Si kwamba namficha, ni mwiko. Mwanamke aliyeolewa katika ukoo wao halitamki jina la baba wa mumewe, hamtazami usoni, hasemi naye, na akimsikia anakuja inabidi apotee. Kwa Kinyakyusa wanaita ukutila, yaani kuogopa, ingawa mimi miaka ya mwanzo nilichokiogopa zaidi ni matope. Nimeshatumbukia kwenye migomba na begi la mitihani ya wanafunzi begani, huku mzee anapita akikohoa kwa makusudi ili nijue yuko karibu. Kilikuwa kikohozi cha kistaarabu sana. Mapafu yake hayakuwa na shida yoyote.

Siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo. Pale Tukuyu mjini utakuta mabinti wanapiga picha na wakwe zao wameshikana mabega. Lakini babamkwe wangu, mstaafu wa kiwanda cha chai na mzee wa kanisa, alikuwa na msimamo wake. Alisema Injili ilipofika Rungwe iliwakuta wanaogopana, na hakuna mstari aliousoma unaowaambia waache. Hata siku ya harusi nilifunikwa gubigubi, naye akakaa upande wa pili wa turubai akila pilau akiwa amenipa mgongo.

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu heshima ipo, tena nyingi, lakini haikimbilii kwenye matope. Nilinung'unika sana, na mume wangu akanijibu kwa utulivu wa mtu ambaye si yeye anayejificha, kwamba nitazoea. Nilizoea. Miaka tisa nilikuwa mkwe mwema asiyeonekana, na mambo yangekwenda hivyo mpaka kiama kama nisingejiingiza kwenye masomo.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Niliamua kusoma shahada ya uzamili, na mada yangu ilikuwa fasihi simulizi ya Rungwe na jinsi inavyofungamana na mandhari na utamaduni wa wenyeji. Msimamizi wangu wa chuo kikuu alikuwa mama mmoja mkali aliyeweza kukukaripia kwa nukta tu. "Hadithi haielei hewani," aliniandikia. "Nataka nione mlima, nione mvua, nione udongo. Ukiniletea hadithi inayoweza kusimuliwa Singida bila kubadilisha neno, nakurudishia."

Hadithi ya kumfaa ilikuwepo. Chini ya shamba la wakwe zangu, upande wa Masukulu, kuna kiziwa cha mviringo kilichojilaza ndani ya shimo la volkano ya kale, maji meusi, kingo zimejaa majani. Niliuliza kila mtu asili yake, na kila mtu alinijibu kwamba hadithi ya ziwa lile anaijua vizuri mtu mmoja tu. Nilipomsikia mtu huyo anakohoa nikatumbukia kwenye migomba.

Jaribio la kwanza, mamamkwe alijitolea kuwa mjumbe. Angekwenda sebuleni kusikiliza, kisha arudi jikoni kunisimulia. Tatizo, mamamkwe ni kiongozi wa kina mama kanisani, na hadithi haipiti kwake bila kubatizwa. Sebuleni hadithi ilikuwa na majirani wawili waliogombea mpaka. Walipofika jikoni walikuwa wameshatubu, wamepiga magoti, na ziwa limetokana na machozi yao ya toba.

"Mama, ndivyo baba alivyosema?"

"Yeye hakumaliza vizuri," akasema huku akimenya ndizi. "Nimemsaidia."

Jaribio la pili nilimtuma mume wangu na simu ya kurekodia. Yeye ni bwana shamba, anashinda Isongole kwenye viazi vya watu, lakini Jumapili moja alikubali kwenda kukaa na baba yake. Alirudi na rekodi fupi kuliko salamu za Wanyakyusa. Sauti ya mzee: "Wewe si unaijua?" Sauti ya mume wangu: "Naijua, baba." Baada ya hapo ni watu wawili wanakula maparachichi.

Ufumbuzi ulitoka kwa mzee mwenyewe. Mchana mmoja nilikuwa kwenye migomba nakata majani ya kufunikia sufuria, nikasikia kile kikohozi, nikajibanza. Mzee alikuja na mtamba wake, ng'ombe jike mweusi ambaye alikuwa hajazaa bado, akasimama ukingoni mwa shamba akilitazama ziwa, mgongo kwangu. Akaanza kuzungumza na ng'ombe. Hilo halikunishangaza, alizungumza naye kila siku kwa Kinyakyusa. Kilichonishangaza ni kwamba siku hiyo alikuwa anamsemesha Kiswahili. Ng'ombe yule hakuwahi kusemeshwa Kiswahili tangu azaliwe. Nikajua hotuba ile ina mgeni.

"Zamani, we ng'ombe, hapa hapakuwa na maji," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Palikuwa na watu wawili na migomba yao. Huyu anaamka alfajiri, anasogeza jiwe la mpaka kule. Yule anaamka, analirudisha huku, tena analipitiliza kidogo. Mpaka jiwe lenyewe likachoka. Kulikuwa na bibi mmoja, amefunga mbuzi wake chini ya mti ule mkubwa pale." Akanyoosha mkono wake wa kulia. "Bibi akawaambia, ardhi ni ngozi, mkiivuta pande mbili itachanika. Wakamwambia bibi, kaa na mbuzi wako. Basi siku hiyo wakaivuta wote kwa pamoja, huyu kwake na yule kwake. Ikachanika. Maji yakaja. Leo mpaka wao uko katikati ya ziwa. Anayeutaka aende akaupime."

Kisha akageuka kumwelekea ng'ombe. "Umesikia?"

Mtamba akacheua. Mimi kwenye migomba niliuma kidole nisipige vigelegele.

Tangu hapo tukawa na utaratibu ambao hakuna aliyeutangaza. Mamamkwe akiniambia, kana kwamba ni habari ya kawaida, kwamba leo baba yako atapeleka ng'ombe kule chini, mimi natangulia kwenye migomba na simu yangu. Mzee anafika, anakohoa, anasimulia. Kama sikuelewa kitu, nilimwuliza mamamkwe jikoni, na kesho yake ng'ombe alipewa ufafanuzi. Nilikuwa mwanafunzi pekee wa uzamili nchini aliyehudhuria masomo yake pamoja na mfugo.

Na hadithi haikukaa mahali pamoja. Wiki ya pili mbuzi wa yule bibi alikuwa mbuzi mnono. Wiki ya tatu akawa ndama. Mwisho bibi alikuwa na mtamba mweusi mwenye akili kuliko wale majirani wawili, na ndiye aliyelia kwanza ardhi ilipoanza kutikisika. Darasani nimefundisha mara nyingi kwamba msimulizi huibadilisha kazi yake kulingana na hadhira. Sikuwahi kuona mfano safi kiasi kile. Kwenye rasimu niliandika, kwa uaminifu wa kitaaluma: "Hadhira: ng'ombe mmoja." Msimamizi wangu akapiga mstari mwekundu chini yake na kuuliza kama nina afya njema.

Lakini kilichomteka msimamizi hakikuwa ng'ombe. Kilikuwa mti. Mzee alipofika kwa bibi daima alinyoosha mkono kwenye mti mkubwa pale ukingoni, na pale ukingoni hapakuwa na mti. Nilifuata mkono wake kwa macho mara nyingi. Unaishia kwenye mawingu. Nilimwuliza mamamkwe. Akasema mti ulikuwepo kweli, mkubwa sana, ila upepo wa masika ya mwaka jana uliung'oa. Akaongeza kwa shukrani kwamba kuni zake zilikuwa nzuri, hazina moshi. Yaani mzee alikuwa amekula ndizi zilizoivishwa na hadithi yake mwenyewe, na bado akawa anauonyesha mti kwa mkono imara, bila kusitasita.

Kichwa kikanipanda. Niliandika sura ya nne yote juu ya mti ule. Nikasema fanani anauonyesha mti usiokuwepo ili kuilinda mandhari dhidi ya wakati. Nikasema kutokuwepo kwa mti ndiko kuwepo kwake. Sikuielewa sana sentensi hiyo lakini niliipenda. Msimamizi, ambaye hakuwahi kunipigia simu, alinipigia simu. "Hii ndiyo tasnifu," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mzee anaonyesha hewa, na hewa inageuka urithi. Usiiguse sura hii." Siku hiyo nilipita sokoni Tukuyu nimenyoosha shingo mpaka muuza maharage akaniuliza kama nimepata ukuu wa shule.

Halafu ikaja alasiri moja ya ukungu. Mzee alifika mahali pake, akakohoa, akaanza. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jani la mgomba, simu mkononi. Katikati ya hadithi nikahisi kitu kinanivuta begi. Nikageuka. Ni mtamba. Alikuwa ameikata kamba yake au ameifungua, sijui, amekuja kusimama kando yangu na anatafuna mkanda wa begi langu kwa utulivu mkubwa. Nikaanza kucheka kimyakimya. Kisha nikamsikia mzee kule mbele.

"Umesikia, we ng'ombe?" Alikuwa ameinama kidogo, kwa upole, analiuliza lundo la majani makavu.

Kicheko kilikauka. Nilimtazama mgongo wake na yote nikayaona kwa mara moja: fimbo inayopapasa kabla ya mguu, mkono unaoonyesha mti ulioanguka mwaka jana, kikohozi kinachopigwa hata mahali ambapo angeweza kuniona kabisa. Wengine wote walikuwa wamemzoea. Mimi peke yangu nilikuwa nimekaa miezi nyuma yake nikimtazama kama kitabu, na nilichosoma ni falsafa. Mzee alikuwa haoni.

Kusema naye siruhusiwi. Kunyamaza sikuweza. Nikamshika mtamba sikio.

"Ng'ombe," nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba, "mwambie bwana wako wewe uko huku kwangu."

Mgongo wa mzee ukakakamaa. Fimbo ikaenda mbele taratibu, ikaligusa lundo la majani, ikalichokonoa.

"Ng'ombe," akasema hatimaye bila kugeuka, "mwambie huyo mtu ni ukungu tu. Rungwe ina ukungu."

"Ng'ombe, mwambie bwana wako ukungu wa Rungwe huwa unaondoka."

Akacheka pumzi moja, kisha akakaa chini kwenye nyasi mbichi na suruali yake ya kanisani. Alimweleza ng'ombe kila kitu. Macho yalianza kufifia kabla ya masika ya mwaka jana. Hajamwambia mkewe. Wakijua watampeleka Mbeya kwa mwanawe mkubwa, kwenye nyumba yenye geti na vigae, akae kwenye kochi mbele ya televisheni asiyoiona. "Mwambie huyo mtu," alisema, "hapa hata nikifumba macho najua kila kitu kiko wapi. Kule Mbeya nitajua nini? Nitamwonyesha mtu nini, friji?"

Nilimwonea huruma. Na papo hapo, Mungu anajua, nikaikumbuka sura yangu ya nne. Mzee akitibiwa ataona hakuna mti, ataacha kuuonyesha, na falsafa yote itakuwa mtoto wa jicho. Mawazo hayo yalikaa nami kwa muda ambao mtamba alitumia kumaliza mkanda wa begi. Kisha nikakasirika, nikamkasirikia kila mtu, yeye na familia yake na chuo kikuu.

"Ng'ombe," nikasema, safari hii kwa sauti ya darasani, "mwambie bwana wako hajui kila kitu kiko wapi. Mti hauko."

"Mti gani?" akauliza. Alisahau hata kupitia kwa ng'ombe.

"Ng'ombe, mwambie ule wa bibi. Ulianguka masika ya mwaka jana."

Nilidhani atahuzunika. Sikuwa nimeishi vya kutosha na watu wa Masukulu, ambao shamba lao ni dogo na jirani yuko pale pale. Mzee alisimama kwa fimbo yake, amejaa nguvu mpya.

"Nani kaukata?"

"Mwambie ni upepo."

"Upepo!" alimwambia ng'ombe kwa dharau. "Mti wa babu yangu ung'olewe na upepo? Ni yule wa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa anautamani tangu alipoezeka nyumba yake." Akapiga fimbo chini. "Kisiki hakidanganyi. Cha shoka kina sura yake, cha upepo kina sura yake. Nitakwenda hospitali. Wanifungue macho, nikakione hicho kisiki."

Hivyo ndivyo babamkwe wangu alivyokubali matibabu. Jioni ile aliitangazia nyumba kwamba haoni na kwamba yuko tayari kupasuliwa kwa ajili ya kesi. Mamamkwe alilia, akaomba, akaomba tena kwa niaba ya jirani. Mume wangu alinitazama kwa muda mrefu na kuniuliza nimejuaje. Nikamwambia ng'ombe aliniambia.

Msimamizi nilimpigia mwenyewe. Nilimweleza kwamba mti usioonekana haukuwa ishara ya kitu chochote, kwamba mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Una uhakika?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayepewa habari za msiba.

"Daktari ana uhakika."

"Haiwezi kuwa vyote viwili?"

Nilimwambia nitaangalia. Sura ya nne ilibaki kurasa chache, na hizo nyingi ni za ukulima wa migomba.

Mzee alitibiwa jicho moja, akapumzika, akatibiwa la pili. Siku aliyorudi Masukulu alikuwa amevaa miwani myeusi, na hakuitaka chai. Alitaka kwenda chini kwa kisiki. Nyumba nzima ikamfuata, mamamkwe mbele, mume wangu nyuma na mtamba kwa kamba. Mimi niliingia kwenye migomba, ndani kabisa kuliko siku zote, maana sasa mtu alikuwa na macho mapya na mwiko ulikuwa na nguvu zake kamili. Nilimtibisha mtu ili anione vizuri zaidi nikijificha.

Akafika ukingoni. Akavua miwani, akalitazama ziwa, kisha akakitazama kisiki, mizizi yake imechungulia juu na udongo mwekundu umeikaukia. Alikizunguka. Alikiinamia. Tulimsubiri. Ulikuwa upepo, wala hapakuwa na namna ya kubishana, na niliona kwa mgongo wake jinsi ilivyomuuma kuikosa kesi ile.

"Na mti wenyewe?" akauliza.

"Tumepikia," mamamkwe akajibu kwa sauti ndogo.

"Mwaka mzima nimekuwa naonyesha hewa, nyie mnanitazama."

"Tulidhani unajua," akasema mume wangu. "Tulidhani ndivyo hadithi ilivyo."

Mzee akawatazama mmoja mmoja, watu aliokuwa nao nyumba moja. "Aliyeniambia ni mmoja tu," alisema. Akaichukua kamba ya mtamba mkononi mwa mume wangu, akamkabidhi mkewe. "Mpelekee yule wa kwenye migomba."

Nilikuwa nimesikia kwamba katika ukoo wao mzee anaweza kumfungulia mkwe wake mwiko, akimpa mnyama mbele ya mashahidi. Niliisikia kama ninavyosikia hadithi nyingine zote, nikairekodi, nikaipa kichwa cha habari. Sasa mamamkwe alikuwa anakuja kwenye migomba akivuta kamba na kulia, ananiambia mwanangu toka, ndaga fijo, asante sana, toka.

Nikatoka. Nilikuwa na jani kichwani na matope magotini. Nilisimama mbele yake nikimtazama miguu, maana macho hayakukubali kupanda yenyewe. Ng'ombe alikuwa wangu sasa, mzee asingeweza kumtuma tena. Nikajilazimisha kuinua uso. Alikuwa na macho mekundu yenye maji ya dawa, na alikuwa ananitazama kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, polepole, mtu aliyeolewa nyumbani kwake miaka tisa.

"Kumbe wewe ni mfupi," akasema. "Kwa sauti ile nilidhani mtu mrefu."

"Ndiyo, baba," nikajibu, na nikalia pale pale, mbele ya macho yake, bila kukimbilia popote.